Jinsi ya kumfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje kama hela imebana

Kama umemleta mtoto wa mbwa nyumbani na sebule tayari inanuka mkojo, tafadhali usikimbilie kununua vitu. Ukiuliza watu utaambiwa chukua kreti ya chuma, yaani kizimba cha kumlaza mbwa, chukua pedi za kukojolea, chukua dawa ya kupuliza, chukua biskuti za mazoezi, na mwenye hela kidogo anaishia kuona kwamba mbwa ni wa matajiri. Sio kweli kabisa. Kinachomfundisha mbwa ni muda wako na macho yako, hivyo vingine vyote vina mbadala hapo hapo ndani kwako na nitaeleza kimoja kimoja. Hela uliyonayo itunze kwa ajili ya chanjo na dawa ya minyoo, huko hakuna mbadala.

Na naomba ulichukulie hili jambo kwa uzito, maana mbwa wengi sana wanatupwa au kugawiwa ovyo kwa sababu tu wanachafua ndani, na ukichunguza unakuta hakuna aliyewahi kuwafundisha, walikuwa wanapigwa tu.

Kwanza uujue mwili wake

Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kujisaidia mwenyewe, mama yake ndio anamlamba mpaka mkojo na kinyesi vitoke, na mama huyo huyo anasafisha kila kitu. Akifika kama wiki 3 anaanza kujikokota kutoka pale anapolala na kwenda pembeni kujisaidia. Kwa hiyo ile tabia ya kutopenda kuchafua malazi anakuja nayo tayari, kazi yako ni kumpanulia tu, aelewe kwamba nyumba nzima ni malazi na sio ile kona yenye tambara lake peke yake. Alafu akifika wiki 8 au 9 hivi anaanza kushika mazoea ya kitu anachokanyaga wakati wa kujisaidia, kama ni nyasi basi nyasi, kama ni udongo basi udongo, na kama ni kapeti basi utapata tabu, maana kila akibanwa miguu yake itatafuta kitu laini. Ndio maana siku za mwanzo zina thamani kubwa kuliko zote zitakazofuata.

Kuhusu kibofu kuna hesabu ambayo watu wa mbwa wanaitumia sana: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hayo ndio masaa anayoweza kubana. Wa miezi 2 masaa 3, wa miezi 3 masaa 4. Lakini hicho ni kiwango cha juu, tena akiwa ametulia au amelala, akiwa anacheza na kukimbia anaweza kuhitaji kutoka kila nusu saa. Kubana vizuri kama mbwa mkubwa kunakuja akifika miezi 4 mpaka 6, na mbwa wa jamii ndogo ndogo wengi wanachelewa zaidi kwa sababu kibofu chenyewe ni kidogo. So ukiona papi, yaani mtoto wa mbwa, wa wiki 9 amekojoa sebuleni dakika ishirini tu baada ya kutoka nje usifikiri anakufanyia kusudi, mwili wake bado haujakomaa.

Hatua ya 1: Kusanya ulivyonavyo

Unahitaji boksi kubwa la kadibodi au kona unayoweza kuizuia, kamba, daftari na kalamu, matambara ya zamani, sabuni, siki, na simu yenye alamu. Basi.

Boksi ndio kreti yako. Likate mlango upande mmoja, ng'oa pini zote za chuma na gundi ya plastiki asije akameza, weka tambara ndani. Ukubwa ndio siri yenyewe: liwe la kumtosha kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha, lisizidi hapo, maana likiwa kubwa sana atalala kona hii na kukojoa kona ile na hapo hakuna alichojifunza. Akikua unatafuta lingine, ndio raha ya boksi la bure. Kama anapenda kutafuna kadibodi na kuimeza, achana na boksi, laza viti viwili kwenye kona ya ukuta uzibe kieneo kidogo, inafanya kazi ile ile. Mlishe humo ndani, mpe vitu vya kuchezea humo ndani, mwache aingie na kutoka mwenyewe mlango ukiwa wazi kabla hujaanza kuufunga, na usimfungie humo kama adhabu hata siku moja, akishapaona ni jela atalia usiku kucha na wewe hutalala.

Kamba ni kwa ajili ya ndani na nje. Kama huna kola, tengeneza kwa kitambaa laini kipana, vidole vyako viwili vipite kati ya kitambaa na shingo, na uikague kila siku chache maana wanakua haraka na kola ya wiki iliyopita inaweza kuwa imeshambana.

Hatua ya 2: Chagua sehemu moja tu ya kujisaidia

Moja, sio uwanja mzima. Harufu ndio inamwambia mbwa "hapa ndio chooni", kwa hiyo tambara ulilofutia mkojo wake ndani lipeleke ukaliweke pale nje unapotaka awe anaenda, siku mbili tatu za mwanzo litakusaidia kuliko dawa yoyote ya kuvutia mbwa wanayouza.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kama bado hajamaliza chanjo, na kwa kawaida chanjo za watoto zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka 4 hadi afike wiki 16, usimpeleke mahali ambapo mbwa usiowajua wanapita na kujisaidia. Kuna ugonjwa wa parvo, unasababisha kuhara damu na kutapika na unaua watoto wa mbwa haraka sana, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kumtibu mbwa wa parvo ni hela nyingi mno ukilinganisha na sindano ya chanjo. Kwa hiyo tafuta kieneo ambacho ni chako au unachojua usafi wake.

Kama unaishi ghorofani au huna uwanja, chukua beseni pana lisilo na kina au trei yoyote, jaza udongo au weka kipande cha nyasi zenye mizizi, weka kwenye kibaraza au karibu na mlango. Mimi napenda njia hii kuliko pedi, kwa sababu miguu yake inazoea udongo na nyasi, so siku ukianza kumtoa nje anapafahamu tayari. Wa pedi akija nje anashangaa, anabana, anasubiri mrudi ndani.

Hatua ya 3: Saa za kula ndio saa za choo

Hii ndio hatua inayookoa hela na kapeti kwa pamoja. Usiache chakula kwenye bakuli siku nzima. Papi wa chini ya miezi 3 au 4 mlishe mara 3 mpaka 4 kwa siku, akivuka hapo mara 3, akifika miezi 6 mara 2 zinatosha, kila siku saa zile zile. Weka chakula, mpe dakika 15 au 20, alichobakiza toa. Kinachoingia kwa saa kinatoka kwa saa, maana tumbo likipokea chakula linausukuma utumbo mkubwa utoe kilichokuwepo, ndio maana wengi wanakunya kati ya dakika 5 na 30 baada ya kula. Mbwa anayedonoa chakula siku nzima hakuna mtu anayeweza kukisia atataka kutoka saa ngapi.

Maji usimnyime. Kuna watu wanaficha maji eti asikojoe sana, hiyo ni hatari, papi anaishiwa maji mwilini haraka na joto likizidi ndio kabisa. Kitu unachoweza kufanya ni kutoa bakuli saa moja au mawili kabla ya kulala usiku, tena kama hakuna joto kali na mbwa ni mzima, basi.

Saa za kumtoa ni hizi na usiruke hata moja: akiamka tu, hata kama ni usingizi wa dakika kumi, akimaliza kula, akimaliza kunywa maji mengi, katikati ya mchezo na mchezo ukiisha, akitoka kwenye boksi, mgeni akija akachangamka, na kabla ya kulala. Ongeza na kila saa moja moja hapo katikati akiwa macho kwa wiki za mwanzo. Najua inachosha. Lakini kila mara anapojisaidia nje ni somo moja ameshika na kila mara anapojisaidia ndani ni somo lingine ameshika la kinyume chake, so wiki chache za kuamka amka na kutoka toka zinakuepusha na miezi ya kudeki.

Hatua ya 4: Mkifika nje fanya hivi

Hapa ndio wengi wanaharibu, wanafungua mlango, wanamsukuma papi nje, wanabaki ndani wakisubiri, papi anakaa mlangoni analia, anafunguliwa, anaingia na kukojoa kwenye kapeti, alafu wanasema huyu mbwa ni mjinga. Lazima utoke naye. Tena utoke naye na kamba.

Akiamka mbebe kama bado ni mdogo, maana ukimwacha atembee mwenyewe kutoka kwenye boksi mpaka mlangoni atachuchumaa njiani. Nenda naye moja kwa moja kwenye ile sehemu, simama kama mti, usimsemeshe, usimchezee, simu iweke mfukoni. Mwache anuse azunguke ndani ya urefu wa kamba. Mpe dakika 5, kama kuna baridi au kelele nyingi mpe 10. Akianza kujisaidia sema neno lako kwa sauti ya chini, chagua lolote fupi ambalo hutaona aibu kulisema mbele ya watu, familia nzima itumie hilo hilo, baada ya muda ukilisema tu ataelewa anatakiwa kufanya nini, na siku ya mvua utajishukuru.

Akimaliza, na namaanisha sekunde ile ile, msifie na umpe kitu cha kula pale pale. Sio mkirudi ndani. Mbwa anaunganisha zawadi na kitu alichokifanya sekunde moja au mbili zilizopita, ukimpa mlangoni unakuwa umemlipa kwa kurudi ndani, na utapata mbwa anayekimbilia mlangoni bila kukojoa. Usimsifie kwa kelele akiwa bado anatoa mkojo pia, wengine wanakatisha katikati waje kwako na kumalizia sebuleni.

Zawadi haihitaji kununuliwa. Asubuhi pima chakula chake cha siku, toa kiganja kimoja weka kwenye mfuko mkavu, hiyo ndio zawadi ya siku nzima na hujaongeza hata senti. Vipande viwe vidogo kama punje ya hindi. Ila usimpe chokoleti, zabibu, kitunguu wala kitu chochote chenye zailitoli, ule utamu unaowekwa badala ya sukari, kama baadhi ya bazoka na pipi zisizo na sukari, hivyo ni sumu kwa mbwa.

Alafu kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawaliangalii: akishajisaidia usimrudishe ndani papo hapo. Cheza naye kidogo, mwachie anuse anuse. Kama kila akikojoa tu anarudishwa ndani atajifunza kubana ili raha ya nje isiishe. Anatakiwa aone hivi, nikojoe kwanza ndio mchezo uanze.

Na asipofanya kitu? Mrudishe ndani lakini usimwachie huru, mweke kwenye boksi au mshike mapajani au kamba yake ifunge kiunoni kwako, baada ya dakika 10 au 15 mtoke tena. Rudieni mpaka ifanyike. Ukimwachia akimbie ndani na kibofu kimejaa, unajua mwenyewe kitakachotokea.

Hatua ya 5: Ndani asitoke machoni pako

Uhuru wa nyumba anaupata kidogo kidogo. Kwa wiki za mwanzo papi yuko sehemu moja kati ya hizi tatu: machoni pako, kwenye kamba iliyofungwa kiunoni kwako, au kwenye boksi lake. Hakuna ya nne. Ukiwa unapika mfunge kiunoni au mweke kwenye boksi, ukiwa unafua hivyo hivyo. Milango ya vyumba vingine funga, na kapeti kama linakunjika likunje liweke juu mpaka ajifunze, hiyo peke yake inapunguza nusu ya matatizo.

Jifunze dalili zake. Ghafla anaacha kucheza na kuanza kunusa sakafu, anazunguka duara, anaenda nyuma ya kochi au kona aliyowahi kuchafua, anausogelea mlango na kurudi, anakuwa hatulii bila sababu. Wengine hawana dalili kabisa mwanzoni, wanachuchumaa tu, hao ratiba ndio itakuokoa.

Chukua daftari uandike kila siku: saa aliyokula, saa aliyokojoa, saa aliyokunya, nje au ndani. Inaonekana kama usumbufu lakini ukiandika siku nne tano unaona mpangilio wenyewe, labda anakunya mara mbili asubuhi na wewe ulikuwa unamrudisha baada ya ile ya kwanza, labda ajali zote zinatokea jioni saa watoto wanapocheza naye na hakuna anayekumbuka kumtoa. Kama mko wengi daftari likae karibu na mlango, kila mtu aandike, ile ya "nilidhani wewe umemtoa" iishe.

Hatua ya 6: Akichafua ndani

Ukimkuta katikati, toa sauti fupi ya kumshtua kidogo, gonganisha viganja vyako mara moja, mbebe mpeleke nje amalizie huko na akimalizia msifie kama kawaida. Ukikuta ameshamaliza, hata kama ni dakika moja iliyopita, huna la kumfundisha tena kwa tukio hilo. Safisha unyamaze.

Najua kuna wanaosema "lakini anajua amekosea, angalia alivyoinamisha kichwa". Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alilichunguza jambo hili, akakuta ile sura ya hatia inatokea pale mwenye mbwa anapomkaripia, awe mbwa amekosea au hajakosea. Yani anausoma uso wako na sauti yako, anaogopa, hawazi ule mkojo wa kwenye kapeti. Kwa hiyo kumsukumia pua kwenye mkojo, kumpiga kwa gazeti lililokunjwa, kumburuta mpaka pale, hayo yote yanamfundisha kitu kimoja tu, kwamba kujisaidia ukiwepo wewe ni hatari. Matokeo yake anaenda kujificha chini ya kitanda, anakataa kukojoa nje ukiwa umeshika kamba, na wengine wanaanza kula kinyesi chao, unakuwa umejitengenezea tatizo jipya ambalo ni gumu kuliko lile la kwanza. Tafadhali usimpige. Naongea kwa moyo wote hapa, ni kiumbe cha wiki tisa kilichotolewa kwa mama yake juzi.

Usafishaji wenyewe ni wa hela ndogo ila una utaratibu. Kwanza kausha, weka tambara kavu juu ya mkojo ukandamize kwa mguu, usisugue maana unausambaza. Pili osha kwa maji na sabuni. Tatu changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, mwagia, acha kama dakika kumi, kausha. Kama ni kapeti au godoro nyunyiza soda ya kuokea ikae mpaka ikauke kabisa alafu pangusa, na kama kinatoka nje kianike juani. Kama una sabuni ya unga ya kufulia ile iliyoandikwa ina enzaimu, hiyo ni nzuri zaidi, yeyusha sehemu moja ya unga kwenye sehemu tisa za maji, paka, acha ikae, suuza, kwa sababu enzaimu zinavunja vitu vinavyobakiza harufu ambayo wewe huisikii lakini pua yake inaipata vizuri sana. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana usije ukapausha rangi.

Usitumie dawa ya usafi yenye amonia, harufu yake inafanana na mkojo na ni kama umemwandikia "rudi hapa". Na dawa ya klorini usiichanganye na siki kabisa, inatoa gesi ya sumu, wala usiimwage moja kwa moja juu ya mkojo, inatoa moshi mbaya kwa mapafu yako na yake.

Kinyesi cha nje nacho kiokote kila siku. Watoto wa mbwa wengi wana minyoo, wengine wanaipata tangu tumboni mwa mama, na mayai ya minyoo ile mviringo yanahitaji wiki kadhaa kwenye udongo kabla hayajaweza kuambukiza mtu, so ukiokota kila siku unawalinda watoto wanaocheza hapo bila kununua chochote, kipande cha gazeti na kunawa mikono vinatosha.

Hatua ya 7: Usiku

Boksi weka karibu na unapolala ili umsikie akianza kuhangaika, mbwa anayelala peke yake chumba cha mbali analia kwa upweke na huwezi kujua lini analia kwa kubanwa. Mtoe mwisho kabisa kabla hujalala wewe. Weka alamu katikati ya usiku, kwa papi wa miezi 2 kama baada ya masaa 3, usisubiri alie, maana akizoea kwamba kilio ndio kinafungua boksi atalia hata asipobanwa. Mkitoka hakuna taa kali, hakuna mchezo, hakuna maneno, anakojoa, anapewa kipande chake, mnarudi kulala. Akipita usiku kadhaa mkavu sogeza alamu mbele nusu saa, endelea hivyo mpaka asubuhi.

Kama unashinda kazini

Niseme ukweli hapa, papi wa miezi 2 au 3 hawezi kubana masaa 9, na kumfungia kwenye boksi muda wote huo ni kumlazimisha alalie uchafu wake, akishazoea kulalia uchafu ile silika niliyoitaja juu inapotea na kuirudisha ni kazi kubwa sana. Cha kwanza tafuta mtu, jirani, ndugu, mtoto wa jirani aliyetulia, hata wewe umsaidie kitu kingine naye aje kumtoa mchana mara moja au mbili, mwonyeshe sehemu na umwachie vile vipande vya chakula.

Ukikosa mtu kabisa, tengeneza kieneo kikubwa kidogo kuliko boksi, upande mmoja malazi na maji, upande wa mbali lile beseni la udongo au magazeti. Mwanzo tandaza magazeti kieneo chote, ukiona anapendelea upande gani, toa kidogo kidogo ya upande mwingine mpaka yabaki machache, alafu yasogeze kuelekea mlangoni kila siku hatua fupi tu. Ujue kwamba njia hii inachelewesha, anajifunza kwanza kwamba ndani panaruhusiwa kisha inabidi umfundishe upya kwamba hapana, kwa hiyo ukiwepo nyumbani fuata ratiba ya nje kama kawaida, magazeti ni ya saa usipokuwepo tu.

Pale ambapo sio kosa la mafunzo

Kuna kukojoa ambako hakuhusiani na choo kabisa. Papi akikojoa matone pale unapomwinamia au unapomkaripia, masikio nyuma, anajilaza, huyo anaonyesha unyenyekevu, na wengine wanakojoa kwa furaha mgeni akija. Usimgombeze, itazidi. Msalimie kwa utulivu, chuchumaa pembeni yake badala ya kumwinamia, salamu zifanyikie nje kwanza. Wengi inawaisha wakikua.

Lakini akikojoa kidogo kidogo mara nyingi sana, akijikamua na hakitoki kitu, mkojo ukiwa na damu, au alikuwa ameshaelewa na ghafla ameanza upya, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Akiwa hakojoi kabisa usisubiri kesho. Kuhara pia, hasa kukiwa na damu au kutapika au amelegea hataki kula, nenda siku hiyo hiyo. Na dawa ya minyoo, kawaida watoto wanapewa kila wiki 2 mpaka wafike wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, kipimo kinaenda kwa uzito wake so usikisie, mpimeni. Sehemu nyingi kuna kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa za bure au za bei nafuu, ulizia ofisi ya mifugo ya unapoishi.

Lini umwachie huru

Akimaliza kama wiki 4 bila ajali hata moja, fungua chumba kimoja cha ziada, kimoja tu, ukiwa naye humo. Cheza naye humo, mlishe humo mara kadhaa, ili apaone kama sehemu ya malazi. Wiki moja ikipita salama fungua kingine. Akichafua, usivunjike moyo, rudi nyuma chumba kimoja na ratiba uibane tena kwa siku chache.

Akifika kati ya miezi 6 na mwaka, madume hasa, unaweza kuona ameanza kuinua mguu na kukojolea miguu ya meza kidogo kidogo. Hapo anaweka alama yake tu, kutoka nje hajasahau. Osha kwa siki au sabuni ya enzaimu kila alipogusa, mrudishe kwenye kamba ya kiunoni, ongeza safari za nje, na kama mmepanga kumhasi, muulize daktari kuhusu umri unaomfaa, maana kuhasi kunapunguza tabia hiyo kwa madume wengi.